Umefuta Kuki Mara Kumi na Bado Zinarudi? Mwongozo Kamili wa Kusafisha Kompyuta ya Nyumbani

Kila wiki naletewa laptopu yenye lalamiko lilelile. Mtu amefuta kuki, amefuta tena, amezima kompyuta amewasha, halafu akifungua brauza tu matangazo ya yale makochi aliyoangalia juzi yanamsubiri palepale. Wiki iliyopita kaja mama mmoja mwalimu, kanikabidhi laptopu yake akasema, "Mwanangu, hizi kuki nimezifuta mpaka nimechoka, nahisi ina kirusi." Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza, usifute tena, tuangalie ni kuki gani hiyo inayorudi."

Haikuwa kirusi. Mama alikuwa anafuta kwenye profaili yake ya Chrome (sehemu ya brauza ya mtu mmoja, yenye kuki na mipangilio yake), kumbe ikoni anayobofya kila siku pale chini inafungua profaili ya kijana wake. Anasafisha chumba kimoja anaishi kingine.

Wengi mnakwama kwa sababu mnaanza kwa kufuta. Kwenye mwongozo huu kufuta ni hatua ya nane, na sio makosa ya kupanga. Ukifuta kabla hujaziba zinakotokea unapiga deki huku bomba bado linavuja. Fuata mpangilio huu kama ulivyo, usiruke.

Nimeandika kwa kompyuta ya Windows 10 au 11 yenye Chrome, Edge au Firefox, manake ndo zilizojaa majumbani kwetu. Majina ya vitufe nimeyaacha vilevile yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza ili usipotee.

## Andaa hivi kabla hujagusa chochote

- Saa mbili za utulivu, na chaji ya kutosha. Skani kamili inaweza kuchukua zaidi ya saa nzima na umeme ukikatika katikati unaanza upya.
- Simu yenye laini uliyosajilia akaunti zako. Ukifuta kuki utatolewa kila mahali, na tovuti nyingi zitakutumia namba kwa SMS ndo uingie. Kama ile laini ilishapotea, shughulikia hilo kwanza, usiendelee.
- Flashi, hata ya GB 1 inatosha, ya kuwekea paswedi na bukumaki (kurasa ulizozihifadhi).
- Kalamu na karatasi. Utaandika namba moja ambayo ndo itakwambia mwishoni kama umefanikiwa kweli au unajifariji.
- Bando kidogo la ziada. Tutafuta na kache pia (nakala za picha na faili za tovuti ambazo brauza inazitunza), kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo tovuti zitapakia picha zake upya na MB zitaliwa kuliko kawaida. Usishtuke.

Huhitaji kununua programu yoyote. Yule anayekwambia ulipie ili "kuki 214 hatari" zifutwe anakuuzia kitu ambacho brauza yako inafanya bure.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni kuki kweli

Kuki ni maandishi mafupi tu ambayo tovuti inaiambia brauza iyatunze. Haiwezi kujiendesha, haiwezi kufungua dirisha, haiwezi kuiba faili. Kuki ya ufuatiliaji kazi yake ni kubeba namba yako, ili kampuni ya matangazo ikikukuta kwenye tovuti nyingine ijue ni wewe yule wa jana.

Kwa hiyo pima tatizo lako hivi:

Matangazo yanatokea kona ya chini kulia hata kama brauza hujaifungua mbele yako? Hiyo ni notifikesheni uliyoiruhusu bila kujua, tutaitoa hatua ya 7.

Ukurasa wa kwanza wa brauza umebadilika wenyewe, au ukitafuta kitu unapelekwa kwenye tovuti ya utafutaji usiyoijua? Hiyo ni ekstensheni (kiongezo kinachowekwa ndani ya brauza) au programu mbovu, hatua ya 5 na ya 6.

Antivairasi inakuletea orodha ndefu ya "tracking cookies" kila ikiskani? Hizo ni kuki kweli, lakini sio virusi, na zitaendelea kuonekana kwenye orodha kila utakapotembelea tovuti zenye matangazo. Kurudi kwake hapo sio ushahidi kwamba kompyuta imeathirika.

Na kama ni yale matangazo yanayokufuata mpaka kwenye simu, ambayo hujaigusa kabisa, basi kinachokufuata ni akaunti yako sio kuki ya kompyuta. Hilo nalo lina dawa yake, nimeliweka hatua ya 10.

## Hatua ya 2: Okoa paswedi na bukumaki

Kwenye Chrome andika pale juu kwenye anwani chrome://password-manager/settings halafu tafuta "Export passwords". Bukumaki utazikuta chrome://bookmarks, bofya vidoti vitatu vya juu, chagua "Export bookmarks". Peleka vyote kwenye flashi.

Kwa nini, wakati hatufuti paswedi? Kwa sababu nimeona watu wakitiki kisanduku kimoja zaidi kwa haraka na paswedi za miaka mitano zikapotea mbele ya macho yao. Dakika tatu hizi ni bima.

Tahadhari kubwa: lile faili la paswedi lina maandishi wazi, yeyote akilifungua anasoma kila kitu. Likishatimiza kazi yake lifute kwenye flashi na kwenye kompyuta, usiliache kwenye Downloads.

Kama kuna fomu umeijaza nusu, ya maombi ya chuo au ya kazi, imalize leo au isevu. Fomu nyingi zikipoteza kuki zinapoteza na ulichojaza.

## Hatua ya 3: Andika namba yako ya sasa

Hii hatua ndo watu hawaifanyi na ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu bila hii huwezi kujua kama kuki imegoma kufutika au imefutika ikazaliwa nyingine. Ni vitu viwili tofauti kabisa na dawa zake ni tofauti.

Fungua tovuti moja unayoitembelea sana, mfano gazeti lako la kila siku. Bonyeza F12. Kwenye Chrome na Edge tafuta tabo ya "Application", kama huioni bofya ule mshale wa >> ikajitokeza. Upande wa kushoto fungua "Cookies" kisha bofya jina la tovuti. Kwenye Firefox tabo inaitwa "Storage". Utaona jedwali. Tafuta mstari wenye jina _ga, hiyo ni kuki ya Google Analytics na iko kwenye tovuti nyingi mno.

Thamani yake inafanana na hivi: GA1.1.482913650.1700000000

Tazama vipande viwili vya mwisho. Hicho cha kabla ya mwisho ni namba ya bahati nasibu, ndo jina lako kwao. Cha mwisho ni muda: idadi ya sekunde kuanzia 1 Januari 1970 mpaka siku kuki ilipozaliwa. Kwa mfano 1700000000 ni tarehe 14 Novemba 2023, na 1760000000 ni tarehe 9 Oktoba 2025. Yaani mbele yako una tarehe ambayo tovuti ile ilianza kukuhesabu. Yule mama mwalimu alipoiona hiyo tarehe akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kumbe wananijua tangu huko nyuma kote?"

Andika namba yote kwenye karatasi. Kama tovuti yako haina _ga, tafuta _fbp, hiyo ya Facebook, au chagua kuki yoyote yenye namba ndefu.

Hapa mafanikio ni kuwa na karatasi yenye jina la tovuti, jina la kuki na namba yake.

## Hatua ya 4: Zima vitu vinavyoendelea kimyakimya

Brauza ukiibonyeza ule msalaba wa juu sio lazima iwe imezima kweli. Chrome ina mpangilio wa kuendelea kufanya kazi kwa nyuma, na Edge hivyohivyo.

Nenda chrome://settings/system uzime "Continue running background apps when Google Chrome is closed". Kwenye Edge nenda edge://settings/system, zima "Startup boost" na ile ya kuendelea kuendesha ekstensheni brauza ikiwa imefungwa.

Kisha chrome://settings/onStartup. Kama umechagua "Continue where you left off", ibadilishe iwe "Open the New Tab page". Sababu ni hii: kuna kuki za muda mfupi ambazo zinatakiwa kufa ukifunga brauza, lakini ukiwa na huo mpangilio brauza inazitunza ili ikurudishie tabo zako, kwa hiyo hazifi kamwe. Halafu zile tabo 30 zinazofunguka asubuhi kila moja inapanda kuki zake upya kabla hata hujashika mausi.

La mwisho hapa ni sync, yaani kule kufananisha data za akaunti yako kwenye vifaa vyako vyote. Bofya picha yako juu kulia, uzime sync na utoke kwenye akaunti. Ikikuuliza kama ifute bukumaki na paswedi kwenye kifaa hiki, kataa. Kuna sababu mbili za kuzima. Kwanza, sync inarudisha ekstensheni, kwa hiyo ukitoa ekstensheni mbovu hapa na iko kwenye kompyuta ya ofisini, inaweza kurudi. Pili, Chrome ukifuta kuki huku umeingia kwenye akaunti ya Google inakuacha umeingia, inakwambia kabisa kwa maandishi madogo, na watu wengi hawayasomi wanabaki kusema "kuki za Google zimegoma". Hazijagoma, zimeachwa makusudi.

## Hatua ya 5: Kagua ekstensheni moja moja

Andika chrome://extensions (Edge ni edge://extensions, Firefox ni about:addons).

Kila unayoiona jiulize: niliiweka mimi, naitumia, naijua ni ya nani? Jibu moja likiwa hapana, toa. Usiizime tu, toa kwa "Remove". Ninazokuta mara nyingi zaidi zimejificha kwenye majina ya kawaida kabisa, za kugeuza PDF, za kudaunlodi video, za kuponi za bei nafuu, za hali ya hewa. Nyingine zilikuwa nzuri mwanzoni, zikauzwa kwa mtu mwingine, apdeti iliyofuata ikaja na ufuatiliaji ndani yake.

Sasa kuna kesi ngumu hapa inayostahili kukaa nayo. Ekstensheni inakataa kutoka, kitufe cha "Remove" hakipo, na chini kwenye menyu ya Chrome pameandikwa "Managed by your organization". Kompyuta ni yako ya sebuleni, organization gani hiyo?

Fungua chrome://policy uone. Ukikuta ExtensionInstallForcelist maana yake kuna kitu kimeiamuru Chrome iinstoli ekstensheni kwa lazima. Uwezekano uko wa aina tatu. Inaweza kuwa antivairasi yako imeweka amri yake, hiyo ni salama. Inaweza kuwa laptopu ni ya kazini, hapo usiguse, mrudishie mtu wa IT. Au ni programu mbovu. Na kwa laptopu za mtumba, zile zinazotoka kwenye makampuni ya nje, kuna amri zinaachwa na mwenye mali wa kwanza ambazo hakuna aliyezisafisha, kwa hizo mimi huwa nashauri kuinstoli Windows upya kabisa badala ya kuhangaika na kuki.

Kama umeshajua ni programu mbovu, usikimbilie rejista (hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows). Nenda hatua ya 6 kwanza, mara nyingi AdwCleaner, programu ya kusafisha tutakayoidaunlodi huko, inaitoa hiyo amri yenyewe.

Mafanikio hapa ni orodha fupi ya ekstensheni ambazo zote unaweza kumweleza mtu kwa nini unazo.

## Hatua ya 6: Safisha programu na ikoni

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, Enter. Orodha ya programu ikifunguka bofya juu ya "Installed On" ijipange kwa tarehe. Tatizo lilianza lini? Angalia kilichoingia siku hizo. Programu tatu nne zenye tarehe moja ambayo wewe unakumbuka uliweka moja tu, basi hizo nyingine zilidandia. Zinadandia sana kwenye programu za kukreki na kwenye zile tovuti za muvi zenye vitufe sita vya kudaunlodi ambavyo kimoja tu ndo cha kweli.

Ukikutana na jina usilolijua, litafute kwanza mtandaoni kabla ya kutoa. Majina yenye Intel, Realtek, AMD, Microsoft Visual C++ yaache, hayo yanaendesha kompyuta yenyewe.

Baada ya hapo daunlodi Malwarebytes AdwCleaner kutoka tovuti ya Malwarebytes wenyewe, ni bure na ni ndogo. Iendeshe, isome orodha kabla ya kukubali, kisha iache isafishe na iwashe kompyuta upya. Halafu fungua Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", chagua "Full scan". Nenda kapike, ukirudi itakuwa inaendelea.

Wakati unasubiri angalia ikoni ya brauza. Bofya kulia ikoni ya Chrome iliyoko desktopu, chagua Properties, tazama kisanduku cha "Target". Inatakiwa kuishia na chrome.exe" na kama una profaili zaidi ya moja inaweza kufuatiwa na --profile-directory. Ukikuta mwishoni kuna anwani ya tovuti imebandikwa, hiyo ndo inayofungua ukurasa wa matangazo kila asubuhi, na unaweza kufuta kuki mpaka mwaka uishe haitaondoka. Futa ikoni hiyo, tengeneza mpya.

## Hatua ya 7: Notifikesheni

Hii ni fupi. chrome://settings/content/notifications, shuka kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, toa zote usizozijua. Tovuti zinazokwambia "bofya Allow kuthibitisha wewe si roboti" ndo zinazojaa humo. Kisha juu chagua tovuti zisikuombe kabisa.

## Hatua ya 8: Sasa ndo tunafuta

Funga tabo zote zibaki moja tu, tupu. Hili sio pambo. Tabo iliyo wazi ina skripti inayoendelea kukimbia, na skripti hiyo inaweza kuandika kuki tena sekunde ileile unayofuta.

Bonyeza Ctrl + Shift + Delete. Dirisha linafunguka kwenye brauza zote tatu.

Kitu cha kwanza kabisa ni muda. Badilisha uwe "All time", Firefox inaita "Everything". Hapa ndo wengi wanapoteza mchezo, wanaacha ule muda unaokuja wenyewe, mara nyingi saa ya mwisho tu, kwa hiyo kuki ya tangu mwaka juzi inabaki imekaa inawaangalia.

Tiki kuki na data za tovuti. Tiki na kache, zile "Cached images and files". Kache inaingiaje hapa? Tovuti ikikutumia picha inaweza kuipa alama ya kipekee, na kesho brauza ikiulizia ile picha inarudisha alama ileile, seva inakutambua bila kuki, kisha inakuandikia kuki yenye namba yako ya zamani. Ndo zile kuki zinazoitwa mazombi. Ukifuta vyote viwili kwa mpigo mmoja unaifunga njia hiyo ya kujifufua.

Paswedi usitiki. Autofill usitiki.

Futa, kisha rudia kwenye Edge hata kama "huitumii", viungo vingi vya Windows vinafunguka humo. Rudia Firefox kama ipo. Na rudia kwenye kila profaili, ya baba, ya mama, ya watoto. Bofya picha ya juu kulia uone ziko ngapi.

Ukiona umetolewa kwenye barua pepe na kila kitu, umefanikiwa. Kama bado umeingia Gmail, hukutoka kwenye akaunti ya Chrome, rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 9: Zile chache zinazogoma

Wengi watakuwa wameshapona. Kama bado, fungua chrome://settings/content/all, andika jina la tovuti kwenye kisanduku cha kutafuta, na ubofye alama ya kufutia mbele yake. Hapo unafuta kila ilichohifadhi, sio kuki peke yake.

Ikishindikana, ingia kwenye hiyo tovuti, F12, "Application", bofya neno "Storage" kule juu kushoto, kisha "Clear site data". Hii inaondoa na zile sevisi woka, vijiprogramu ambavyo tovuti inaviacha ndani ya brauza vifanye kazi hata ukiwa umeondoka. Funga tabo hiyo papohapo bila kurifreshi.

Silaha ya mwisho ni faili lenyewe. Andika chrome://version, soma mstari wa "Profile Path", kopi hiyo njia. Funga Chrome, bonyeza Ctrl + Shift + Esc, kama bado iko kwenye orodha bofya "End task". Fungua hiyo folda, ingia "Network", utaona faili linaitwa Cookies. Lifute. Chrome itatengeneza jipya ikifunguka.

Futa hilo tu. Ukifuta folda nzima ya "User Data" umefuta bukumaki, paswedi na historia ya kila mtu wa nyumbani, na ndo sababu nilisema flashi. Windows ikikataa ikisema faili linatumika, Chrome bado haijazima, rudi kwenye Ctrl + Shift + Esc.

Na ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokutuma kufuta "kuki za Flash", usipoteze muda. Adobe waliacha kuihudumia Flash Player mwisho wa mwaka 2020 na brauza za sasa haziiendeshi tena.

## Hatua ya 10: Ziba njia

Chrome kwenye dirisha la kawaida haizuii kuki za watu wa tatu (za kampuni nyingine zilizomo ndani ya tovuti uliyofungua) mpaka uiambie. Nenda chrome://settings/cookies uchague kuzuia, "Block third-party cookies". Firefox tangu 2022 inatenga kuki za kila tovuti kwenye mtungi wake, kwa hiyo kampuni moja haiwezi kukuunganisha kirahisi kutoka tovuti hii mpaka ile, na kwenye about:preferences#privacy unaweza kupandisha ulinzi uwe "Strict". Kwa mtu anayeniuliza atumie ipi nyumbani, namwambia Firefox bila kusita.

Tahadhari: kuna kurasa za malipo na za kuingia kwa akaunti ya Google ambazo zinaweza kugoma ukizuia. Ikitokea ruhusu tovuti hiyo moja tu, usifungue mlango wote.

Ongeza kizuia matangazo kimoja. Firefox weka uBlock Origin, Chrome weka uBlock Origin Lite. Soma jina mpaka mwisho, kuna nyingine inaitwa uBlock tupu, sio hiyo.

Kisha fanya brauza ijisafishe yenyewe. chrome://settings/content/siteData, chagua ile ya kufuta data tovuti zilizohifadhi ukifunga madirisha yote. Hapohapo chini kuna orodha ya tovuti za kuachwa, weka barua pepe yako na zile tatu nne unazotumia kila siku ili usiombwe SMS kila asubuhi. Firefox nayo inao mpangilio huo kwenye ukurasa uleule wa privacy.

Kuhusu yale matangazo yanayokufuata mpaka kwenye simu: hayo yanakaa kwenye akaunti. Ya Google ingia myadcenter.google.com uzime matangazo yanayokulenga. Ya Facebook na Instagram ingia Accounts Center utafute sehemu ya shughuli zako nje ya Meta, ufute na ukate muunganisho. Bila hivyo kompyuta itakuwa safi kabisa na makochi bado utayaona, kwa sababu umeingia kwa jina lako.

## Hatua ya 11: Toa ile karatasi

Washa kompyuta upya. Fungua ile tovuti ya hatua ya 3, F12, tafuta kuki ileile. Kama umeweka kile kizuia matangazo cha hatua ya 10, uwezekano mkubwa _ga haipo kabisa, hapo umemaliza.

Kama ipo, soma namba. Ikiwa ni tofauti na ya kwenye karatasi, na (kama ni _ga) kile kipande cha mwisho ni kikubwa kuliko cha zamani, basi ya zamani ilikufa na hii imezaliwa leo. Hiyo sio kuki sugu. Tovuti inakuona kama mgeni aliyeingia mlangoni sasa hivi, na ukiwa umeweka ule mpangilio wa kujisafisha kesho itakuona mgeni tena.

Ikiwa ni ileile tarakimu kwa tarakimu, kuna kitu hakikufutwa. Katika laptopu zinazonipitia sababu huwa hizi, kwa mpangilio wa jinsi ninavyozikuta: profaili nyingine, muda wa kufuta haukuwa "All time", tabo ilikuwa wazi. Anza na profaili. Kwa yule mama ndo ilikuwa hiyo, tulifuta kwenye profaili ya kijana, tukawasha upya, namba ikabadilika mbele yake, akaichukua ile karatasi akaenda nayo nyumbani.

Rudia kipimo hiki baada ya siku saba, tovuti ileile. Ukiona ekstensheni uliyoitoa imerudi ndani ya hizo siku saba, usianze upya mwongozo mzima, kaitoe kwenye kompyuta nyingine zote zenye akaunti yako, ndo uwashe sync.